Benchi la Chini ya Ndege Mweupe

Mambo yaliharibika siku ya Alhamisi, mchana kweupe, bahari imelala kama shuka lililopigwa pasi. Siku hiyo boti pekee ya hifadhi ilikuwa imetoka na Mkuu wa hifadhi pamoja na wageni wake wakubwa kwenda kufukuza pomboo. Kufukuza ndilo neno lake. Kuwatazama pomboo ni kitu kingine, na kisiwa kizima kilijua tofauti.

Mzee Randa, fundi seremala wa hifadhi, alikuwa akipigilia ubao kwenye njia ya msituni alipoitwa nyumbani. Alimkuta mkewe ameketi sakafuni jikoni, mgongo kwenye pipa la maji, mkono kifuani, jasho linamtoka kama aliyemwagiwa. Hospitali iko ng'ambo. Randa akakimbia ofisini. Karani akashika redio ya upepo akaita, akaita tena: Mkuu, boti irudi, kuna mgonjwa. Redio ikakoroma kidogo, kisha ikanyamaza.

Boti ilirudi jua likielekea kuzama, wageni wanacheka na kukamua nguo zao. Mke wa Randa alikuwa ameshatangulia.

Na ndiye huyo huyo marehemu aliyewafundisha watu wa boti adabu ya pomboo. Zima injini mbali, alikuwa akiwaambia, kisha tulia. Akikutaka atakuja mwenyewe. Asipokutaka, ujue hukualikwa.

Mkuu alisema redio yake haikuwa na chaji. Karani akamnong'oneza Randa kwamba alisikia mlio mdogo upande wa pili, kama kitufe kimebonyezwa. Haukupita muda karani akahamishwa. Unategemea nini? Ukweli ukiwa mwajiriwa, huhamishwa.

Randa hakuwa mtu wa barua za malalamiko. Shule aliikimbia mapema, nayo haikumfuata. Alichokuwa nacho ni swali moja tu. Alilipeleka ofisini, Mkuu akasimama, ana kikao. Alimvizia gatini, Mkuu akasimama, anaitwa kwenye simu. Hata msibani alisimama kabla kiti hakijapata joto. Wakubwa ndivyo walivyo. Wanagombania viti usiku na mchana, lakini ukiwauliza jambo, hawakai.

Sasa, njia ya mbao inapoishia kuna mti mkubwa, na chini ya mti kuna benchi. Randa alilichonga kwa mikono yake, bila msumari hata mmoja, ili lisilie mtu anapojigeuza. Juu ya benchi kuna tawi tupu, na juu ya tawi hilo ndege mweupe, mweupe kuliko chumvi, hutaga yai moja. Hajengi kiota. Haweki hata jani. Anaona kijishimo kwenye gome, anaweka yai lake, basi, amemwachia Mungu.

Randa alipoliona yai hilo mara ya kwanza moyo ulimruka, akataka kupanda akagongomee kijisanduku. Mkewe akacheka mpaka akajishika kiuno. "Huyu hana haja na fundi, mume wangu. Mwache alivyo."

Kazi ya mkewe ilikuwa kuwaketisha wageni pale. Viatu vinaachwa kwenye ubao wa mwisho, simu zinazimwa. Jioni inapokaribia, ndege mmoja hutoka baharini kuja kumpokea mwenzake zamu ya kulalia. Anapotua anakuwa na wasiwasi, anageuza kichwa huku na huku. Mtu akiinuka ghafla, naye huruka ghafla, na yai halina ukingo wa kulizuia. Kwa hiyo sheria ni moja: ukikaa, umekaa, mpaka ndege akusahau. Amekusahau akishafumba macho.

Wageni walimbatiza mkewe Mama Kimya. Randa alipolisikia jina hilo alicheka peke yake njia nzima. Nyumbani huyo Mama Kimya alikuwa akiongea mpaka masufuria yanaomba likizo.

Baada ya msiba, Randa aliishika kazi ya benchi. Hakuipenda sana, ila nyumba ilikuwa imejaa kimya kibaya, na kimya cha pale chini ya mti kilikuwa kizuri. Mwanga ulishuka kupitia majani ukiwa wa kijani, ukamlalia magotini. Bahari ilisikika kwa mbali kama mtu anayepumua chumba cha pili. Siku nyingine aliliona benchi limebonyea kidogo upande wa kushoto, upande wa mkewe, naye hakugeuka kuangalia. Hata ndoto ina adabu yake; ukiikodolea macho, inaruka.

Sifa za benchi zikafika juu, na wakubwa wa Mkuu wakasema watakuja kuketi. Mkuu, ambaye hakuwahi kufika pale hata kwa bahati mbaya, akaona ajaribu mapema asije akaumbuka mbele yao. Akaja alasiri moja, peke yake, viatu vinang'aa.

"Fundi, hapa panakaliwa vipi?"

"Unavua viatu, Mkuu. Halafu unakaa."

Akavua. Soksi moja ilikuwa imetoboka, kidole gumba kikachungulia kama kobe. Randa nusura amwonee huruma. Akamsomea sheria yote, neno kwa neno kama alivyokuwa akiisema marehemu, Mkuu akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa, wakaketi.

Ndege akatoka upande wa bahari. Hakuonekana kuruka, alikuwa kama kipande cha mwanga kilichobanduka mahali. Mwenzake akampisha, naye akalisogelea yai, akashusha kifua juu yake polepole. Mkuu alibaki mdomo wazi. Uso wake ulikuwa wa mtoto, na Randa alichukia kuuona hivyo, kwa kuwa kwa muda wote ule alikuwa amejizoeza kumchukia mtu mzima.

Ndipo Randa alipofahamu walipokaa: mahali ambapo mtu hainuki. Swali lile alikuwa amelilaza kifuani na kelele zake zote, akijua siku likitoka litapasua paa. Sasa ilibidi litoke kwa sauti isiyotikisa unyoya.

"Mkuu," akasema taratibu, "Alhamisi ile, uliisikia redio?"

Mikono ya Mkuu ikashika ukingo wa benchi. Miguu yake, ile iliyozoea kuondoka, ikajikaza kuinuka.

"Fundi, mimi nina kikao..."

"Hajafumba macho."

Mkuu akatazama juu. Ndege alikuwa amenyoosha shingo, jicho jeusi limewaelekea wao wawili, na chini ya manyoya ya kifua yai lilionekana nusu. Randa naye alilitazama. Akiinuka huyu, yai litakwenda, na swali litakwenda nalo.

Mikono ya Mkuu ikalegea. Akajirudisha kwenye benchi, mzito, kama mzigo uliotuliwa. Jani moja likashuka, likazunguka, likatua kwenye benchi kati yao, upande wa kushoto wa Randa.

Ndege hakufumba macho.

"Uliisikia?"