Ongeza Kumi

Meza ililetwa kwa mkokoteni saa nne asubuhi, na Fundi aliitambua kabla haijashushwa. Mguu mmoja ulikuwa umepasuka toka juu mpaka chini, na uso wake ulikuwa umechorwachorwa na watoto wa miaka mingi, lakini ufupi ule haukuwa na mwenzake mjini. Miguu hiyo aliikata mwenyewe akiwa na miaka kumi na tisa, na aliikata vibaya.

Karakana wakati huo ilikuwa ya baba yake. Mzee alikuwa na rula ya mbao ya mita moja, iliyovunjika ncha ya mwanzo, ikabaki inaanzia sentimita ya kumi. Mtu mwingine angeitupa. Yeye alisema kilichobaki bado kinapima, akaweka sheria: pima, kisha ongeza kumi. Aliirudia kutwa nzima mpaka majirani wakambandika jina la Mzee Ongezakumi, naye akaitika bila kinyongo.

Alikuwa na mazoea mengine ambayo wateja hawakuyajua. Kila jioni, kabla ya kufagia vumbi la mbao, alichukua penseli iliyokaa juu ya sikio, akaandika mstari mmoja wa kumshukuru Mungu mahali pasipoonekana: nyuma ya kabati, chini ya kiti. Aliiita sala yake fupi. Shukrani ilipaswa kuwa ya siku hiyohiyo, na ya kitu chenyewe. Binti yake, huyu Fundi wa leo, angali mdogo, aliwahi kupendekeza waandike asante kwa uzima na afya, akaambiwa hiyo ni shukrani ya mvivu, leo ameona nini? Basi wakaandika asante kwa jirani aliyetuazima gundi. Asante kwa mvua iliyosubiri tuanue mbao. Na siku ambayo mzee alishinda akiugulia jino, asante kwa meno yaliyobaki. Binti aliuliza ni nani atakayesoma huko nyuma ya kabati.

"Anayehusika anaona," mzee alisema.

Zilikuwa siku tamu. Utamu wenyewe binti hakuujua; alijua njaa ya mchana na vumbi la msasa puani.

Halafu ikaja meza hii. Mbao zake zilikauka miaka miwili zikingoja mteja wa kuzistahili. Mzee alimwachia binti akate miguu peke yake kwa mara ya kwanza, akatoka kufuata skrubu. Binti, kichwa kimevimba kwa kuaminiwa, akapima kama watu wote wapimavyo duniani. Sabini ikawa sitini, mara nne.

Mzee aliporudi aliokota mguu mmoja, akaupima. Hakufoka, na laiti angefoka. Aligeukia ukutani, mabega yake yakatikisika, akasema kwa sauti ya kubanwa, "Nenda nyumbani, mama. Nitamalizia mwenyewe."

Binti aliona hasira inayozuiwa kwa nguvu. Kesho yake, hata chai hakunywa, alifunga mfuko wake akaenda kuomba kazi kiwanda cha milango, mbali, mahali ambapo mashine ndiyo inayopima. Mzee alimsindikiza barabarani mpaka kituo cha basi bila kumkataza, na hilo nalo akalichukulia kuwa ni kufukuzwa.

Kwa miaka saba alikuja kusalimia. Walikula pamoja, wakataniana, na lile jambo halikuguswa. Mzee alipofariki, alirudi akarithi karakana, rula na wateja. Sala ya penseli hakuirithi. Alisema hana muda, lakini ukweli ni kwamba kila jioni aliyaona yale mabega.

Mwenye meza, mwalimu wa chekechea aliyestaafu, alifika nyuma ya mkokoteni akihema. Alieleza kwamba mzee alimpa meza hiyo siku chache baada ya kuitengeneza, kwa kuwa watoto wake walikuwa wakichorea sakafuni. "Na walivyokuwa wanapenda kujificha chini yake," alisema. "Kila mwaka waliniuliza pameandikwa nini, nami nikawasomea."

"Mwalimu, naomba usiniambie."

"Kwani wewe hujawahi kuyaona, mwanangu?"

Fundi alitikisa kichwa. Mwalimu alizoea watu wanaoogopa mlangoni siku ya kwanza. Aliomba kiti, akaenda kukaa nje kivulini.

Fundi alinoa patasi isiyohitaji kunolewa. Akapanga makopo ya gundi. Lakini mguu wa meza hautolewi bila kuipindua, na visingizio vilipomwishia, aliipindua. Mwandiko ulikuwa uleule, umeinama kama unapanda mlima.

"Asante kwa kosa la binti yangu. Nilidhani ameshahitimu na ataniacha. Kumbe bado nina la kumfundisha. Nimecheka mpaka machozi, nikageukia ukutani asije akadhani namcheka."

Alikaa chini kwenye maranda, akalia bila kujificha. Shukrani ile mzee aliishi nayo jioni moja tu. Asubuhi ile barabarani, aliyeachwa alikuwa mzee, na bado alimbebea binti mfuko mpaka kituoni.

Mwalimu aliuliza kutoka nje kama ameona. Alijibu kwamba ameona.

Jioni ilimkuta akitengeneza mguu mpya, wa kulingana na ile mitatu. Alichukua rula iliyovunjika, akapima sitini, akaongeza kumi, na penseli ikatua kwenye sabini, palepale ilipotua siku ile. Akakata. Alipomaliza kuugundisha, alirudisha mkono sikioni akaichukua penseli tena, na chini ya mwandiko wa baba yake akaandika: asante kwa mguu uliopasuka.

Kisha akachukua ufagio, akafagia.