Mama Chiriku Achagua Zamu

Tangu bintiye aanze shule, Mama Chiriku, muuguzi wa wodi ya watoto, alikuwa akifanya zamu ya usiku tu. Mchana alilala, na usingizi wake ulilindwa na mama mkwe, aliyeishi nao na ambaye hakuwa na mchezo. Wachuuzi walipigwa marufuku kuita mlangoni. Mumewe, fundi wa nguo, aliambiwa asiguse cherehani mpaka mke aamke. Hata Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa kuwa tangu ajue kusema hakunyamaza, alifundishwa kutembea kwa ncha za vidole.

Siku moja muuguzi mkuu aliwatangazia kwamba anayetaka kubaki usiku abaki, na anayetaka kupokezana asubuhi, jioni na usiku aseme kabla ya wiki kwisha.

"Baki usiku," mama mkwe alishauri. "Kawaida ni kama sheria. Hizo za kupokezana zitanivuruga. Leo chai nikutengee asubuhi, kesho jioni?"

"Lako ndilo langu," mume akasema. Ndilo jibu la mtu asiyetaka kugombana na mama wala mke.

Basi Mama Chiriku akaamua kubaki usiku. Lakini kabla hajatoa jibu, mwalimu wa Chiriku aliwaita wazazi wote wawili. Walikwenda roho mkononi, wakidhani mtoto kapiga mtu.

"Ana akili sana," mwalimu aliwaambia. "Ila ananong'ona. Akijibu swali, darasa zima linainama kumsikiliza. Huko nyumbani kuna mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa," Mama Chiriku akajibu. "Kuna muuguzi."

Wote watatu walicheka. Njiani, kicheko kilimwisha Mama Chiriku.

"Mtoto tumempa jina la ndege, halafu tukamziba mdomo," alisema.

"Si yeye peke yake," mumewe akasema taratibu. "Mimi mchana mapindo yote nashona kwa mkono."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi, mke wangu? Nikiwa macho, umelala. Ukiwa macho, uko kazini."

Hapo hakungoja kushauriwa tena. Alikwenda moja kwa moja kwa muuguzi mkuu, akachagua kupokezana.

Mwanzo ulikuwa vurugu tupu. Asubuhi moja mama mkwe alimwamsha mbiombio, sare imeshapigwa pasi. Mama Chiriku alifika wodini akihema. Mwenzake akamkodolea macho.

"Wewe si unaingia jioni? Nani kakutuma?"

"Mama mkwe."

Walicheka mpaka watoto vitandani nao wakacheka, wasijue wanacheka nini.

Aliporudi, alimkuta mama mkwe ameshika ufagio, uso umemshuka.

"Nilisema zitanivuruga."

"Hata mimi zimenivuruga, mama. Chai imebaki?"

Ilikuwa imebaki. Wakaketi wakanywa, huku cherehani ikinguruma chumba cha pili, na wakapiga soga mpaka chai ikapoa vikombeni. Walikuwa hawajaketi hivyo siku nyingi.

Mchana mlango ulifunguka kwa kishindo. Chiriku, aliyekuwa amesikia cherehani tangu nje, aliingia akiimba hesabu za kuzidisha, na sauti yake ikafika kwa jirani.

"Wewe, mama yako ame..." bibi akaanza, kidole mdomoni. Akamtazama mkwewe aliyekuwa macho mbele yake, kikombe mkononi. Akakishusha kidole.

"Haya, mjukuu wangu. Endelea."