Ncha Mbili za Waya wa Buluu

Jumanne, tarehe kumi Juni, 2025, saa nne na dakika saba asubuhi, ndipo mambo yalipoharibika katika yadi moja ya makontena Changamwe, na aliyeyaharibu alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya mkutano, akiokota makombo ya mahamri ya wakubwa.

Jina lake Mwidani. Mfagiaji, mkaazi wa Mtopanga, umri sitini kasoro miwili, mgane wa mwaka wa pili. Wakubwa walikuwa wamekutana tangu asubuhi na mapema kujadili usafi, wakala, wakaondoka, wakaacha uchafu ambao hata kuku angeuonea haya. Basi katika kuokota, Mwidani akaona waya wa buluu. Ncha moja imeingia tunduni ukutani. Ya pili inaning'inia kama mkia wa panya aliyebanwa mlangoni. Na kando ya tundu lile, tundu jingine, tupu.

Sasa, marehemu mkewe, Mwanarehema, alikuwa msusi wa mikeka. Miaka ishirini na saba Mwidani alikaa na mwanamke asiyeweza kuona ncha ya mwaa wa kusukia imetokeza akalala. "Ncha ikiachwa nje, mkeka wote hufumuka," alikuwa akimwambia, "na aliyeiona akapita ni mzembe kumliko aliyeiacha." Mwidani hakupita. Aliishika ile ncha, akaichomeka kwenye tundu tupu. Tak! Ikakaa. Akajipongeza.

Hajafika mlangoni na ndoo yake, ofisi zote zikapiga ukelele. Kompyuta za langoni zikaganda. Mizani ya malori ikawa bubu. Hakuna kontena lililoingia, hakuna lililotoka, na kufikia adhuhuri malori yalikuwa yamepanga foleni hadi Mikindani, madereva wakiwataja wakubwa wa yadi pamoja na mama zao, mmoja mmoja, kwa majina.

Saa tisa alasiri ndipo fundi wa mtandao alipoupata ule waya, akauchomoa, na uhai ukarudi. Mtu wa kulaumiwa naye akapatikana papo hapo, kwa sababu ndoo yake ilikuwa bado mle ndani.

Kesho yake akaitwa na Bi Alawiya, afisa wa wafanyakazi, binti wa watu wa kale wa Mombasa.

"Shikamoo, Mzee Mwidani."

"Marahaba, mwanangu."

Hakuna barua mbaya kama inayotanguliwa na shikamoo. Ile aliyosomewa iliandikwa kwamba yeye Mwidani amefanya hujuma kwa makusudi, na kwamba akishasikilizwa Alhamisi ataitia sahihi, aende zake.

Hujuma! Nani atampa ufagio mzee aliyeangusha yadi nzima? Na angekwenda zake wapi? Nyumbani hakuna hata wa kuwasengenya wakubwa naye. Kazini angalau wapo wakubwa wenyewe.

Lakini lililomchoma zaidi ni jingine. Mwanarehema alifia kwenye benchi la zahanati. Walifika anahema, wakaambiwa mtandao umeanguka, hawezi kuandikishwa, wasubiri. Akasubiri mpaka akaacha kusubiri. Mwidani aliuliza siku ile ni nani aliyeuangusha, akajibiwa, "Mzee, hayo ni mambo ya mitambo." Miaka miwili amekuwa akimtafuta mtu anayeangusha mitandao, amtukane akate kiu. Sasa anaambiwa ni yeye.

Akamwendea fundi. Huyu aliitwa Nduku, mwanamke wa Machakos aliyekaa Pwani miaka kumi, na Kiswahili chake bado kilivaa buti.

"Mwanangu, hebu nieleze nilichokifanya. Nijue ninachotubia."

Nduku akampeleka kwenye kabati ukutani. Ndani mna sanduku la chuma lenye matundu arobaini na manane, kila tundu na kitaa chake cha kijani. "Hii ndiyo swichi, mzee. Nyaya zote za hii yadi zinakuja hapa. Wewe ulichukua waya mmoja, ncha zote mbili ukazirudisha kwa hii hii swichi. Ikituma neno huku, linarudi huku, inalituma tena, linarudi tena. Likaongezeka mpaka swichi ikashindwa kupumua."

Mwidani akafikiri. "Kama maikrofoni ya msikitini ikielekezwa kwenye spika yake?"

"Hapo! Hapo hapo, mzee."

"Lakini muadhini wetu akifanya vile msikiti hauanguki. Anatukanwa tu, mtu anazima."

"Na hapa kuna kinga ya kuzima. Inaitwa..." Akataja jina la Kizungu, akasema maana yake ni mti.

"Mti gani? Mbona sioni hata jani?"

"Wachana na jani. Ukichomeka waya kwa tundu, swichi inasikiliza kwanza nusu dakika. Ikisikia sauti yake mwenyewe inarudi, inafunga tundu, basi. Sasa Bwana Lenox akalia eti laptopu yake inakaa nusu dakika ndiyo ipate mtandao."

"Nusu dakika?"

"Nusu dakika."

"Mkubwa huyo huyo anayenisimamisha mlangoni saa nzima nikiomba ruhusa ya kwenda maziarani, kwenye kaburi la mke wangu?"

Nduku akacheka, akajizuia. Akaeleza kwamba yeye aliyapanga matundu ya watu yafunguke papo hapo, bila kusubiri, lakini kila moja akaliwekea askari: akisikia mlio wa swichi hapo, alifunge mara moja. Haraka ya bosi ikapatikana, na usalama ukabaki. Kisha mtu akaja akafuta yote, askari na mti wake.

"Mtu gani?"

Nduku akageuza kompyuta yake. Swichi, kumbe, huandika kila inachofanyiwa. Jumanne tarehe tatu Juni, saa mbili na dakika kumi na nne asubuhi, kinga imezimwa. Aliyezima: admin.

"Huyu Admini ni kabila gani?"

"Si mtu, mzee. Ni jina la kazi. Tunalitumia wanne. Mimi, Bwana Lenox, kampuni ya Nairobi iliyotuuzia swichi, na Kefa."

"Yule fundi Kefa aliyeacha kazi Desemba?"

"Huyo. Paswadi haikubadilishwa."

"Wallahi! Mimi nikienda msalani narudisha ufunguo wa stoo!" Kisha Mwidani akamkazia macho. "Na wewe je?"

"Si mimi, mzee."

"Hata walioko jela ya Shimo la Tewa, waulize, wote si wao."

Nduku alirudi kwenye kompyuta, akaanza kuirudisha kinga, tundu baada ya tundu.

Alhamisi kikao kikaketi kwenye chumba kile kile, meza ile ile. Bwana Lenox, meneja wa yadi, alikuwa na shati jeupe lisilojua jasho.

"Mzee, ulichomeka ama hukuchomeka?"

"Nilichomeka."

"Basi imeisha. Bi Alawiya, mpe kalamu."

"Haijaisha," alisema Mwidani. "Nachomeka tena."

Akapiga magoti. Lenox akaruka kitini. "Usithubutu! Malori yako langoni! Mshikeni huyo!" Lakini nani ataingia chini ya meza na suti? Mwidani akaishika ncha, akamtaja Mwanarehema moyoni, akachomeka. Tak!

Wote wakatega masikio. Nje, lori likapiga honi, likapita langoni. Printa ya chumba cha pili ikaendelea kutapika karatasi. Nduku akainua kompyuta yake waione: matundu mawili yamefungwa, mekundu. Mengine yote kijani.

"Kumbe waya ni ule ule," alisema Bi Alawiya polepole, "na mzee ni yule yule."

"Alichomeka bila idhini," alisema Lenox.

Mwidani akatoka chini ya meza, akajipangusa magoti. "Kweli, bwana. Mimi nilichomeka, na jina langu Mwidani. Sasa nami niulize: aliyezima kinga ni nani? Tarehe tatu, saa mbili na dakika kumi na nne. Wenye ufunguo ni wanne, na wawili wamo humu."

Lenox akamtazama Nduku. Nduku akatazama viatu vyake. Kampuni ya Nairobi ikapigiwa simu, ikasema iandikiwe. Kefa simu yake ikaita mpaka ikachoka.

Bi Alawiya akaichukua ile barua, akairudisha kwenye faili. "La, Bwana Lenox, mimi simpi mtu kalamu atie sahihi barua yenye swali ndani yake. Ajibiwe kwanza."

Hiyo ndiyo hali mpaka leo. Barua imo failini, haijachanwa wala haijatiwa sahihi, na Mwidani anafagia akijua imo. Kila asubuhi hufika na ufagio mlangoni kwa Bwana Lenox.

"Sabalkheri, bwana. Amepatikana?"

"Uchunguzi unaendelea, mzee."

Naye hupangusa kiti cha mkubwa taratibu, hana haraka ya nusu dakika, na akishamaliza huuliza tena, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye dawati la Nduku: siku ile, saa mbili na dakika kumi na nne, ni nani aliyeketi akaizima?