Nani Katunga Wimbo wa Ufunguo

Wimbo wenyewe uliimbwa Jumamosi, kwenye singo, sherehe ya kumsinga bibi harusi, binti wa Ridhiwani, bosi wetu. Kina mama wa taarabu waliuanza bila kumtaja mtunzi, maana waimbaji huwa hawamtaji aliyewapa maneno:

Ufunguo kiunoni, sisi ndani twafungiwa,
Twafungiwa kama kuni, moto ukija twaliwa.

Wanawake wakainuka kuwatunza waimbaji pesa huku wakicheka, kila mmoja akimtazama mke wa bosi. Mtaa wetu wote wa Kariakoo unajua nani huwafungia mafundi wake wa cherehani geti la ghorofani, akaenda na ufunguo kula chakula cha mchana.

Mimi sikucheka. Nilimjua mtunzi. Ni mama mdogo Mboni, aliyenilea tangu nilipoacha shule darasa la tano. Ndiye aliyenitafutia kazi, na cherehani yangu iko jirani na yake.

Jumatatu bosi alipanda ghorofani kwetu na Mzee Abdulatif, mtunzi wa mashairi ya harusi. Akafunga geti nyuma yao.

"Aliyenitukana mbele ya wageni wangu ataenda kujieleza polisi," alisema. "Mzee huyu atamtambua."

"Shikamoo mzee," tukasema.

"Marahaba. Kila mtunzi ana mkono wake, kama nyie na mishono yenu. Kila mmoja anitungie mishororo miwili, habari ya uzi."

"Mzee, mimi mtu wa kwaya," Victoria, fundi mwenzetu, akasema. "Labda nikuimbie haleluya."

Watu wakacheka. Bosi akawatazama, wakaacha.

Wimbo ule ulichukua neno lililofunga mshororo wa kwanza, ukaanzia nalo wa pili. Mama mdogo hutunga hivyo siku zote tukiwa tunashona, na mimi sijui kutunga kwingine. Nilijaribu kupanga maneno kwa namna nyingine, yakagoma. Mzee alipofika kwangu, nikatoa yaliyokuja:

"Uzi wangu ni mwembamba, kila siku wakatika,
Wakatika nikipamba, sindano ikanichoka."

"Mtindo ni ule ule," bosi akasema.

Nikaona bora wanichukue mimi, mama mdogo abaki na watoto wake.

"Ni mimi, bosi. Nimetunga mimi."

Bosi akacheka. "Wewe? Wewe hata salamu unaitikia kwa kichwa."

Mzee Abdulatif hakucheka. "Mkono ndio huu," akasema polepole, "ila huyu anafuata tu. Yupo aliyemfundisha. Nani, binti yangu?"

"Hakuna."

Ningesema nimeuiga wimbo wa kwenye singo, angeniamini, maana ukumbi mzima uliusikia. Sikuwaza hilo. Nilisema hakuna, na macho ya watu yakahamia kwenye cherehani ya jirani.

Bosi akavuta stuli, akakaa mbele ya mama mdogo.

"Haya Mboni. Zamu yako."

Mama mdogo akatoa mguu kwenye pedali. Nilimtazama, nikimwomba kwa macho avuruge, atoe maneno yasiyo na vina, aseme hajui. Yeye hakunitazama. Alikuwa anatazama geti.

Akaanza taratibu, kwa sauti aliyozoea kutungia. Nikasikia mshororo wa kwanza ukifika neno lake la mwisho, nikaomba wa pili uanzie popote pengine.

Ukaanzia hapo hapo.