Kofi Lililochelewa

Siku ya kutuza washindi, wazazi walifika shuleni na mifuko ya kubebea makofi. Waliotoka upande wa Kenya walikuja na vikapu vya mkonge, na waliovuka kutoka Uganda walikuja na magunia ya unga yaliyofuliwa, maana gunia la unga halivujishi. Mama yake Jovia, mwenye duka la vitenge mjini Busia, alikuja akikokota sanduku lenye magurudumu. Mlinzi wa lango akamcheka.

"Mama, unategemea kilo ngapi?"

"Mtoto wangu amechora picha ikafika Nairobi," alijibu. "Wako amefika wapi?"

Mlinzi akafungua lango.

Shule hiyo ya wasichana ilikuwa upande wa Kenya, pale ambapo malori hupanga foleni kungojea forodha. Kwa desturi yake, mshindi hakupewa zawadi nyingine. Vikombe vilibaki kwenye kabati la mwalimu mkuu, vyeti vikatundikwa ukutani, na mshindi akapigiwa makofi ya kilo, ambayo mzazi wake aliyapokea na kwenda nayo nyumbani. Makofi mazuri hukaa muhula mzima. Mtu akiyamwaga sakafuni jioni, nyumba hupata joto, na majirani wakipita nje husema, humu ndani kuna watu.

Acom alikaa hemani kwenye mstari wa washindi, gunia limekunjwa mapajani. Alikuwa ameliazima kwa mpishi. Hakuwa na wa kumpokelea. Bibi yake, ambaye kwa Kiteso huitwa Tata, alikuwa nyumbani Mella, ng'ambo ya mpaka, na magoti yake hayakuiweza safari. Mama yake, Provia, alikuwa Ghuba, alikokwenda kufanya kazi za nyumbani. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Kisha Jumapili moja hakupiga, wala iliyofuata, na tangu hapo namba yake ilijibiwa na sauti ya mwanamke iliyosema Kiarabu kwa upole na kukata.

Aliyempeleka huko alikuwa Bwana Hudson, mwenye ofisi ya ghorofani yenye bango la ndege. Kila likizo Acom alipanda ngazi za ofisi hiyo, na kila likizo aliambiwa bosi amesafiri. Ndipo alipojiunga na kikundi cha ushairi. Mashairi hayakuwa yakimnyima usingizi. Alichogundua ni kwamba Bwana Hudson ndiye mgeni rasmi wa shule kila mwaka, kwa kuwa ndiye aliyewanunulia spika, na kwamba mshindi hupewa mkono na mgeni rasmi. Mtu akiwa amekushika mkono mbele ya watu hawezi kusema amesafiri.

Basi akatunga shairi la simu isiyolia, akalighani mbele ya majaji, akawa wa kwanza. Baadaye akawaongoza wenzake kulighani sokoni na kwenye nyua za makanisa, wakiomba mchango wa tangi la maji, mpaka tangi likapatikana. Siku hiyo lilikuwa limesimama nyuma ya jukwaa, jeusi, jipya, limeandikwa jina la Bwana Hudson kwa rangi nyeupe.

Mwalimu Okochi, mshereheshaji, akamwita.

"Acom! Simama wima watu wakuone, mbona umejikunja kama chapati ya rolex?"

Watu wakacheka. Acom akapanda jukwaani, akaufungua mdomo wa gunia.

"Haya, pasheni moto! Pasheni, pasheni!" Viganja vikasuguana hema zima. "Kilo moja!"

Makofi yakatua guniani, nalo likaanza kumvuta mikono kuelekea chini. Yalipokwisha, wakati watu wamekwisha kushusha mikono, likaja moja peke yake.

Pu.

"Nani huyo?" Okochi akauliza kwa kipaza sauti. "Wewe mama, ukingoja sana utapigia viti! Kilo mbili!"

Yakaja ya kilo mbili, yakakoma. Pu.

"Kuna mtu hapa mtandao wake mbovu!"

Hema likacheka tena, watu wakageuza shingo kumtafuta mwenye kosa. Acom hakugeuka. Alilijua kofi hilo tangu utotoni. Kanisani Mella, Provia alipiga makofi nyuma ya kila wimbo. Waimbaji wakiwa wamenyamaza, ndipo lake linafika. Opolot, mpiga ngoma, aliwahi kumshauri awe anaanza na makofi ya wimbo wa wiki inayofuata, huenda akawahi. Hakuwahi. Mwishowe watu walimzoea, na kwaya ikawa haikai chini mpaka kofi la Provia limepita.

Baada ya kilo tano Acom alifunga gunia na kwenda kupewa mkono. Mkono wa Bwana Hudson ulikuwa laini na wenye manukato.

"Hongera, binti. Umetutoa machozi."

"Mimi ni mtoto wa Provia wa Mella," Acom akasema. "Ulimpeleka wewe, mzee. Simu yake haiingii, ila kofi lake linafika. Yuko wapi?"

Bwana Hudson hakuuachia mkono, kwa sababu mpiga picha hakuwa amemaliza.

"Hilo linalochelewa ndilo lake?"

"Ndiyo, mzee."

"Una hakika?"

"Ni la mama yangu."

"Basi mshukuru Mungu." Aliigeukia kamera. "Mtu anayepiga makofi ana shida gani? Amefurahi."

Kisha akachukua kipaza sauti na kuwatangazia wazazi kwamba mama wa mshindi ameshiriki nao moja kwa moja kutoka Ghuba, na kwamba hayo ndiyo matunda ya kupeleka watu wetu kwa njia halali. Wazazi wakampigia kilo nne. Lile la kuchelewa likafuata, wakaligeukia kwa furaha kama mgeni aliyetajwa jina.

Sherehe ilipokwisha, Jovia na wazazi wake walilikokota sanduku kuelekea kwenye gari, wakisukumana na kucheka. Jovia alirudi nyuma kidogo kumuuliza Acom kama gunia ni zito. Kabla hajajibiwa mama yake alimwita. Kulikuwa na kuku nyumbani. Acom akajitwisha gunia, akashika njia ya mpakani.

Upande wa Uganda, askari wa forodha alimsimamisha.

"Wewe msichana, nini iko ndani?"

"Makofi, afande."

"Ya kuuza?"

"Ya nyumbani."

Afande akaliinua gunia kwa mkono mmoja, akaliongezea wa pili. "Eee! Hii nzito. Ulifanya nini?"

"Shairi."

"Na watu yako wako wapi mpaka unabeba peke yako?"

 Kabla Acom hajajibu, gunia likasema, pu. Afande akaliinamia, akasikiliza.

"Wengine wamelala, huyu moja bado macho," akasema. "Hii usichelewe nayo. Pita."

Alifika Mella jua likiwa limeinama. Tata alikuwa kwenye mkeka, anamenya karanga.

"Tata, nimeshinda."

"Nimekusikia tangu barabarani. Yamwage ndani, umande usiyakute."

Acom akayamwaga. Makofi yakatapakaa sakafuni, yakaingia chini ya kitanda, mengine yakapanda mpaka kwenye mabati, na nyumba ikapata joto kama ya watu wanane. Okwi, jirani, alikuwa anapita na ng'ombe wake. Akachungulia.

"Tata, mna wageni?"

"Yuko Acom."

"Na nani?"

"Na Acom," Tata akasema. Okwi akaendelea na ng'ombe wake.

Makofi yakapoa polepole, yakatulia pembeni kama maganda. Moja tu lilibaki linapiga katikati ya nyumba, kwa kituo. Tata aliliokota. Akalipima kiganjani, halafu akalitikisa karibu na sikio, kama atikisavyo karanga kujua kama ndani kuna kitu.

"Hili si kofi," akasema.

"Ni la mama, Tata. Limechelewa."

"Ni la mama yako, hilo sikatai. Ila kofi lina mikono miwili. Hili ni mkono mmoja na mbao."

"Mbao gani?"

Tata akalisikiliza tena. Pu.

"Mlango. Anabisha hodi."

"Hodi kwa nani?"

Bibi akalitazama kofi lililomlalia mkononi.

"Hilo ndilo linalonisumbua," akasema. "Mtu hubisha akiwa nje. Huyu anabisha akiwa ndani."

Akalifunga kwenye pembe ya leso, akampa mjukuu wake, akarudi kwenye karanga zake kwa sababu mwanga ulikuwa unakwisha. Acom akakaa upande wa pili wa mkeka. Wakamenya, na kila kofi lilipopiga, wote wawili walisimamisha vidole.

Jumapili Acom alikwenda kanisani na leso kiunoni. Wimbo wa kwanza ulipokwisha, kwaya haikukaa chini. Kofi likapita, wakakaa. Opolot akaiweka ngoma kando na kusema Provia yuko vilevile. Watu kadhaa wakaafiki. Baada ya ibada walimpa Acom mkono, mmoja mmoja, wakamwambia akizungumza na mama yake amsalimie, kisha kila mtu akaelekea kwake.

Shuleni, alimwendea Mwalimu Okochi.

"Mwalimu, lile si kofi. Ni mlango. Mama amefungiwa."

Okochi akavua miwani na kuifuta kwa shati. Hakuwa mtu mbaya. "Acom, mimi nasimamia ushairi. Mambo ya milango ni ya ofisi."

Ofisini, mwalimu mkuu alilisikiliza kofi mpaka mwisho kwa heshima zote. Akasema ni kweli, linafanana na mlango. Akasema pia kwamba tangi bado halijaunganishwa mabomba, kwamba mabomba ameyaahidi Bwana Hudson, na kwamba kila jambo lina wakati wake. Kwenye kituo cha polisi alikoelekezwa, Acom alielezwa kuwa malalamiko ya kufungiwa huandikishwa na mwenyewe aliyefungiwa, na ni lazima afike yeye.

Akarudi bwenini. Wasichana wenzake walikuwa wameshalizoea kofi hilo. Walijifunza kusitisha maneno likikaribia, lipite, kisha wakaendelea na hadithi zao. Kitanda cha juu yake kilikuwa kitupu, na hakuna aliyeomba kuhamia hapo.

Mwaka uliofuata alishinda tena. Safari hii ilikuwa harambee ya mabomba. Hema lilikuwa kubwa zaidi, na Mwalimu Okochi alikuwa amekwisha kuliingiza kofi la kuchelewa kwenye utaratibu wake. "Kilo moja!" Yakaja. "Tulieni, tulieni, bado ya mama!" Watu wakatulia, watoto wakashika pumzi. Pu, ikasema leso, na hema likalipuka kwa kicheko. Kwenye mstari wa nyuma wazazi wageni waliwauliza wenyeji, wakaelezwa, wakatikisa kichwa kwa kuvutiwa. Mmoja alisema shule yao haina kitu kama hicho.

Bwana Hudson alimpa mkono.

"Si kofi, mzee," Acom akamwambia. "Ni mlango. Anabisha kutoka ndani, na wewe unaijua hiyo nyumba."

Bwana Hudson akainamisha kichwa, akasikiliza likapiga mara mbili, jinsi mnunuzi anavyogonga mbao sokoni.

"Mbao nzito hiyo," akasema. "Si mlango wa kubahatisha. Nyumba yenye mlango kama huo ni ya watu wenye uwezo. Mama yako hakuangukia pabaya."

Akaugeuza uso kwenye kamera.

Sasa ilikuwa zamu ya Acom kughani shairi jipya. Hakuwa amelimaliza. Anayebisha hodi akiwa nje hujibiwa karibu, na mtoto wa miaka miwili analijua hilo. Mwaka mzima Acom alikuwa akitafuta neno la kumjibu anayebisha akiwa ndani. Alilitafuta kwenye Kiswahili cha vitabu, akalitafuta kwenye cha wachuuzi wa mpakani, akamuuliza Tata kama Kiteso kinalo. Tata alifikiri siku nzima, akasema waliomfundisha kusema hawakuwahi kulihitaji.

Alisimama mbele ya kipaza sauti, kinywa kimefunguka kidogo. Spika zikavuma. Mbele yake nyuso zote zilikuwa zimeinuliwa, zina hamu, na alizitazama moja baada ya nyingine, asione iliyokuwa inalitafuta neno hilo pamoja naye. Okochi akasubiri, akasubiri, kisha akaamua kwamba huo ndio mtindo mpya.

"Mmeusikia ukimya huo?" akasema. "Hiyo ndiyo sanaa! Pasheni moto!"

Wakapasha. Kilo moja, kilo mbili, kilo tatu. Acom hakuwa amekuja na gunia. Makofi yakamwangukia miguuni, yakarundikana mpaka magotini, naye akabaki amesimama katikati yake, leso ameishika kwa mikono yote miwili.

"Sasa tulieni," Okochi akanong'ona. "Bado ya mama."

Hema zima likasimama. Mikono ikatulia hewani, vichwa vikainamishwa upande mmoja, midomo iko tayari kucheka. Bwana Hudson akatazama saa yake. Lilichelewa kuliko siku zote.

Kisha likaja, pu, na watu wakakaa.