Hapana ya Hutao

Mzee Hou haamini hata leo kwamba mtu mwenye meno ya bandia anaweza kujifunza Kiingereza, na wakati ule hakuwa analificha jambo hilo.

"Mama Jianping, ulimi wako umezoea pilipili za hapa Changde tangu unazaliwa, leo ndiyo uukunje useme maneno ya watu? Utajiuma bure."

"Nikijiuma, nimeuma ulimi wa nani? Kunywa chai yako."

Tan Peizhi, mkewe, alikuwa amestaafu kazi ya kiwanda cha nguo na sasa alikuwa mwanafunzi wa chuo cha wazee, darasa la Kiingereza, kila Jumanne asubuhi. Wenzake wa kiwandani walijiandikisha kucheza dansi na kuchora kwa wino. Yeye alichagua Kiingereza, tena akakaa dawati la mbele kabisa, na sababu yake ilikuwa moja tu: mjukuu wake, Hutao.

Hutao alilelewa mikononi mwake. Wazazi wake walikuwa wanahangaika na kazi Shanghai, wakamleta kwa bibi yake angali mchanga, na bibi akamlisha, akamwogesha, akambeba mgongoni kwenye kapu kwenda naye sokoni. Alipofika miaka minne, baba yake, Jianping, akapata kazi Kanada, akaja kumchukua mwanawe. Sasa mtoto alikuwa na miaka tisa na Kichina kilikuwa kimemtoka chote. Kila Jumapili asubuhi, kwao Kanada ikiwa bado Jumamosi jioni, uso wake ulitokea kwenye simu, akapunga mkono, akacheka kidogo, akakimbia. "Anasema hajambo, mama," Jianping alitafsiri. Peizhi alikuwa amechoshwa na hiyo hajambo ya kupitia mdomo wa mtu mwingine. Alitaka kujua kitu kimoja, na alitaka akisikie kwa mtoto mwenyewe: je, bado anamkumbuka?

Basi akakazana. Na Kiingereza, tuseme ukweli, ni lugha ya watu wasioridhika. Kwa Kichina ukisema "mimi jana kula wali" umemaliza. Hiyo jana imekwisha kusema yote, kitenzi kinabaki kama kilivyo. Kwa Kiingereza hapana, jana iseme na kitenzi nacho kiseme, na vitenzi vyenyewe kila kimoja kina ukaidi wake. Halafu wana yeye wa kiume na yeye wa kike. Wachina kwenye maneno ya mdomo ni kama sisi, yeye ni yeye, kwa hiyo Peizhi alikuwa akimgeuza mama yake mzazi kuwa mwanamume karibu kila wiki, na darasa zima linacheka.

"Mama Tan," alisema Mwalimu Xiang, binti aliyemaliza masomo juzi juzi tu, "leo mama yako ana ndevu tena."

"Alikuwa mkali, mwalimu. Ndevu zingemfaa."

Kulikuwa na sentensi moja kitabuni aliyoipenda mara alipoiona. Kwa Kiswahili tungesema: "Je, hunikumbuki?" Aliiona ina upole, haimbani mtoto. Akaisema wakati anaosha mboga, akaisema wakati anaanika nguo, mpaka Mzee Hou akawa anaijua bila kutaka na anaiimba bafuni kwa matamshi ya ajabu.

Jumapili ikafika. Kwa bahati Jianping alikuwa jikoni na mkewe, na Hutao akapokea simu peke yake. Peizhi akapiga moyo konde, akaitoa sentensi yake nzima nzima.

Mtoto akamtazama. Alikuwa amevaa fulana ya manjano, nywele zimesimama. Akafikiri kidogo, kisha akasema kwa sauti ndogo, ya adabu: "No, bibi."

No! Siyo! Hunikumbuki? Siyo!  Peizhi alimpungia mtoto kwa mikono yote miwili mpaka simu ikaanguka kwenye bakuli la tambi.

"Kasema nini? Kasema nini?" Mzee Hou akamdaka mkono.

"Nimemuuliza hunikumbuki, kasema hapana! Kasema siyo hivyo! Ananikumbuka, mzee wangu."

 Mzee Hou alitoa simu kwenye tambi, akaifuta kwa shati lake, akaendelea kuifuta ilipokuwa imekwisha kukauka. Siku ile alijifunza maneno mawili ya Kiingereza, yes na no, na aliwashinda majirani wote kwa kuyatumia.

Jumanne Peizhi alikwenda darasani na mfuko wa machungwa, akamgawia kila mtu. "Mjukuu wangu ananikumbuka," alisema, na wazee wakampigia makofi. Mzee Liao, aliyekuwa tarishi wa posta na aliyekuwa hasikii vizuri sikio moja, alipiga makofi bila kujua ni ya nini, akaomba chungwa la pili.

Jumanne iliyofuata ilikuwa siku ya ufahamu. Mwalimu aliwapa habari fupi kitabuni: mtoto amesafiri kwa treni kwenda kwa shangazi yake. Shangazi anampokea, anamuuliza, "Hujala?" Mtoto anajibu, "No." Swali la kwanza: je, mtoto amekula au hajala?

Darasa zima lilijibu kwa sauti moja kwamba amekula. Hata wale ambao huwa wanajibu kwa kuchungulia kwa jirani walijibu bila kuchungulia.

"Wote mmekosa," alisema Mwalimu Xiang akicheka. "Mtoto hajala. Ana njaa."

"Haiwezekani!" Mzee Liao aliinuka. "Shangazi kauliza hujala, mtoto kasema hapana. Hapana, yaani siyo kweli kwamba sijala. Kashiba huyo. Angekuwa na njaa angesema ndiyo, sijala."

"Kwa Kichina, baba, ndivyo. Sisi tunamjibu mtu maneno yake: kasema kweli au hakusema kweli. Waingereza hawajali maneno yako, wanajali jambo lenyewe. Umekula, ni yes. Hujala, ni no, hata ukiulizwaje."

"Sasa kwa nini wasiseme vizuri? Mtoto atakufa na njaa mbele ya shangazi yake!"

Watu wakacheka. Mwalimu akaandika ubaoni mfano wa pili, wa tatu.  Peizhi alikuwa ameshika kalamu na haandiki. Uso wa Hutao ulimjia, ile fulana ya manjano, ile sauti ya adabu. Ndiyo maana alifikiri kwanza. Mtoto alikuwa anatafuta kichwani mwake, akatafuta kwa haki kabisa, akakuta hamna kitu.

Mwalimu Xiang aligeuka kutoka ubaoni, akamwona, na chaki ikasimama hewani. Alikumbuka machungwa.

Darasa lilipotoka alimfuata mlangoni. "Mama Tan, ulimuuliza hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Nisamehe, mama. Ningekufundisha mapema."

"Uombe msamaha wa nini, mwanangu? Ungenifundisha mapema ningekosa wiki yangu nzima ya raha." Akajaribu kucheka, kicheko kikakwama, akalia hapo hapo mlangoni, huku wazee wa darasa la dansi wakipita na pepeo zao nyekundu za mkononi.

Nyumbani hakusema kitu. Mzee Hou alikuwa barazani akimsimulia jirani kwa mara ya kumi habari ya mjukuu mwenye kumbukumbu kali kama ya babu yake. Angeanzaje? Aliingia jikoni, akakata pilipili. Hakukikataa Kiingereza, lakini aliacha kujifunza maswali. Alimwomba mwalimu amsahihishie vitenzi vya zamani tu, vya mambo yaliyokwisha kutokea, na akavishika kimoja kimoja, na ukaidi wake.

Jumapili alimwambia Jianping: "Niachie mtoto." Kisha akamsogelea Hutao kwenye kioo cha simu, akaanza kusema polepole, maneno yamesimama mbali mbali.

"Wewe ulikuwa mdogo. Mimi nilikubeba mgongoni. Wewe uliuma sikio langu."

Hutao akacheka. "Kweli? Niliuma sikio?"

"Kila siku. Sokoni watu waliuliza, sikio lina nini? Wewe ulisema: tamu."

Mtoto hakukimbia. Alikaa, akaweka kidevu kwenye meza. Peizhi akampa kumbukumbu nyingine, ya bata aliyemfukuza mpaka kwa jirani. Hizo sasa zilikuwa za Hutao pia, alizipokea. Kisha mtoto akakunja uso.

"Bibi, mama anasema siku ile nilipoondoka, uwanja wa ndege, hukulia. Ulikuwa unacheka." Akasita. "Hukuhuzunika?"

Siku ile Peizhi alicheka kweli. Alicheka na kupunga kofia ya mtoto ili mtoto apite mlangoni bila kulia, na alipokwisha kupita, akakaa chini sakafuni mpaka mumewe na mwanamke wa usafi wakamwinua.

Hukuhuzunika? Jibu lilimpanda lenyewe kooni, kwa Kichina, lote zima: hapana, mwanangu, hapana hata kidogo, siyo kweli! Lilifika kwenye meno. Akalirudisha. Mtoto alikuwa anangoja, na Peizhi alikuwa hajawahi kuogopa neno kiasi hicho.

"Yes," akasema.

Mzee Hou, aliyekuwa begani kwake, akashtuka. "Kauliza nini?"

"Kauliza kama sikuhuzunika alipoondoka."

"Na wewe umemjibu yes?" Uso ulimbadilika. "Una wazimu? Umemwambia mtoto hukuhuzunika! Wewe, uliyelala na viatu vyake mwaka mzima!" Akaikamata simu, akaileta karibu na mdomo wake, akapiga kelele kwa Kiingereza chote alichokuwa nacho. "No! No! No!"

Hutao akarudi nyuma, macho yamemtoka. Peizhi alimziba mumewe mdomo kwa kiganja, na mzee akaendelea kulia no zake humo humo kiganjani, machozi yakimlowesha vidole. Kwa mkono mwingine Peizhi akaisogeza simu mbele yake.

"Yes, Hutao," akasema. "Yes. Babu pia, yes."