Majibu Yanayofanana Mno

Mimi takwimu zikipendeza kupita kiasi hunikosesha raha. Katika utafiti wangu wa uzamili wa saikolojia nilikuwa nikilinganisha hofu ya wachuuzi wanawake wa Busia ya Uganda na wa Busia ya Kenya, miji iliyoshikana mpakani, na wastani wa makundi hayo mawili ulikaribia kuwa mmoja. Mama wa upande huu akikosa usingizi, ng'ambo yupo mwenziwe anayekosa vilevile.

Nilimshuku Okia, msaidizi niliyemtuma na hojaji. Nilikuwa na hakika kwamba alijaza za upande mmoja akiwa kivulini, kisha akanakili. Nikamwambia hivyo usoni.

"Dada, enda wewe mwenyewe," alijibu. Hakukasirika hata kidogo, na hilo likanizidishia shaka.

Nikaenda, na vipande vya sabuni vya kuwashukuru watakaojibu. Asubuhi, upande wa Uganda, nilimhoji muuza dagaa aliyejiita Ariokot. Nikamuuliza anachoogopa zaidi.

"Mvua kupata dagaa yangu kwa turubai, bado haijakauka."

Akapokea sabuni kwa mikono miwili. Nikapekua hojaji za Okia, na kwenye zile za Kenya nikakuta maneno yayo hayo, ya mtu aitwaye Syprose. Basi, mwizi nimemshika! Palepale nikamwandikia msimamizi wetu kule Tororo kwamba Okia ni mghushi, asipewe tena kazi ya utafiti. Nikatuma, moyo ukatulia.

Mchana nikavuka kumtafuta huyo Syprose wa kubuni. Sokoni wakanielekeza kwake. Alikuwa yule mama wa asubuhi, na beseni lake lilelile.

"Mama, si ulikuwa Ariokot?"

"Kule niko kwa baba, hapa niko kwa bwana. Kitambulisho iko mbili, kila upande na yake. Wengi hapa tuko hivyo." Alinitazama kwa mashaka, kana kwamba mimi ndiye niliyekuja na majina mawili. "Wewe si ulitaka wa Uganda na wa Kenya? Sasa sabuni ya huku iko wapi?"

Nikampa. Miezi yote hiyo nilikuwa nikilinganisha watu na wao wenyewe.

Simu ikalia. Alikuwa Okia, na sauti yake ilikuwa ya furaha; habari za Tororo zilikuwa hazijamfikia.

"Dada, umefika ng'ambo? Umeona yule mama yetu wa majina mawili?"